Kutoka Kwenye Fungu Hadi Kwenye Jagi: Chakula Kinachopotea Tunapotengeneza Juisi Nyumbani

Mtu aliyekulia katika jiko la Pwani anajua kwamba nazi haikamuliwi mara moja. Ikishakunwa hutiwa maji kidogo ya vuguvugu, likatoka tui la kwanza, lile zito ambalo huwekwa kando ili liungie mchuzi mwishoni. Kisha machicha yaleyale hutiwa maji tena, likatoka tui la pili, jepesi, la kuanzia mapishi. Na machicha yanayobaki hutupiwa kuku. Jiko hilohilo likipewa blenda na fungu la pasheni hubadilika kabisa. Tunda husagwa mara moja, huchujwa mara moja, na kilichobaki kwenye chujio hugongwa ukingoni mwa ndoo ya taka kikiwa bado kinadondosha juisi.

Nimelitazama jambo hili kwa muda mrefu katika jiko langu na katika majiko ya ndugu na majirani, na nimefika mahali pa kuamini kwamba tunakosea tangu mwanzo tunapozungumzia taka za juisi kana kwamba ni kitu kimoja. Ziko hasara nne, na kila moja ina mahali pake: genge tunaponunua, kisu kinapopita, chujio linapofanya kazi yake, na jagi linapobaki na juisi isiyonywewa. Ganda la nanasi ndilo linalotuuma macho kwa sababu ni kubwa na linajaza ndoo, lakini ganda ni sehemu ambayo hatukukusudia kula. Chakula hasa, kile tulichokilipia ili tukile, hupotelea zaidi kwenye chujio na kwenye jagi, na huko ndiko macho yetu hayafiki.

Tuanze na maneno, kwa kuwa mkanganyiko mwingi unatoka hapo. Wataalamu hutofautisha upotevu wa chakula, unaotokea kuanzia mavuno hadi kabla bidhaa haijafika dukani, na utupaji wa chakula, unaotokea madukani, migahawani na majumbani. Chungwa lililooza ndani ya lori kati ya Muheza na Dar es Salaam ni upotevu. Chungwa lililooza ndani ya kapu lako ni utupaji. Kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, iliyotoka mwaka 2024, dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula katika mwaka 2022, na asilimia 60 ya kiasi hicho ilitoka majumbani, wastani wa kilo 79 kwa kila mtu kwa mwaka. Katika hesabu hiyo zimo sehemu zinazolika na zisizolika pia, yaani mifupa, kokwa na maganda. Ripoti hiyohiyo ilionyesha kwamba tofauti ya utupaji wa majumbani kati ya nchi tajiri na nchi za kipato cha kati ni kilo 7 tu kwa mtu. Wale wanaodhani kwamba kutupa chakula ni tabia ya watu wenye mafriji makubwa wanapaswa kuitafakari namba hiyo, maana joto letu, kukatika kwa umeme na namna tunavyouziwa matunda vina nguvu ileile ya kujaza ndoo.

Na namna tunavyouziwa ndiyo hasara ya kwanza. Gengeni matunda huuzwa kwa fungu. Unataka pasheni sita za jagi la leo, unarudi na kumi na tano kwa sababu ndivyo zilivyopangwa. Unataka chungwa moja la kuongeza ladha, unapewa matano. Hakuna ubaya katika fungu lenyewe, kwani mara nyingi ndilo linalotoa bei nzuri, lakini linamtaka mnunuzi ajue yatakayobaki atayatunza vipi. Hapa inasaidia kujua kwamba matunda yako ya namna mbili. Embe, papai, ndizi na parachichi huendelea kuiva baada ya kuchumwa. Unaweza kununua lililo gumu leo likakusubiri hadi Jumamosi. Nanasi na chungwa haviongezeki utamu baada ya kukatwa mtini. Nanasi likikaa hubadilika rangi na kulainika, ndipo mtu hudhani linaiva, ilhali linaelekea kuoza tu. Kwa hiyo nanasi huchaguliwa kwa matumizi ya leo au kesho, na kukaa nalo wiki nzima ukingoja liwe tamu ni kungoja kisichokuja.

Matunda yanayoiva hutoa gesi iitwayo ethilini, na gesi hiyo huyahimiza na mengine yaliyo karibu. Pasheni iliyoiva hutoa nyingi sana. Ukiweka pasheni, ndizi mbivu na parachichi katika kapu moja, umeamuru vyote viive siku moja, na siku hiyo hutakuwa na watu wa kutosha wa kuvimaliza. Tenganisha makapu. Embe gumu likae nje hadi liive, ndipo liingie kwenye friji, kwa sababu baridi hulidhuru embe bichi likabaki na nyama ngumu isiyo na ladha.

Vilevile tunatupa matunda mazuri kwa kuyasoma vibaya. Pasheni yenye mikunjo huonekana imezeeka, na wanunuzi wengi huisukuma kando. Kumbe ngozi imepoteza maji tu, ndani kuna utomvu mtamu kuliko ule wa pasheni iliyonyooka na kung'aa. Chungwa la kijani la Tanga nalo hukataliwa na wageni kwa kudhaniwa bichi. Machungwa hupata rangi ile ya manjano iliyokolea pale usiku unapokuwa wa baridi, na katika ukanda wetu wa joto chungwa huweza kuiva sawasawa likiwa bado na ganda la kijani. Pima uzito mkononi: chungwa zito kwa ukubwa wake lina maji.

Kinyume chake ni kulihurumia tunda lililoharibika kweli. Mbonyeo wa embe lililoanguka si ugonjwa. Kata sehemu ile, tumia iliyobaki leo hiihii. Lakini ukungu ni jambo jingine. Katika tunda laini lenye maji mengi, nyuzi za ukungu huenda ndani zaidi ya doa unaloliona, kwa hiyo tunda hilo litupwe lote. Karoti au kitu kingine kigumu kinaweza kuokolewa kwa kukata sentimita mbili na nusu kulizunguka doa. Sisemi kwamba kila kitu kiokolewe. Jagi moja la juisi lililowaumiza watoto matumbo ni hasara kubwa kuliko kapu zima la matunda.

Kisu sasa. Nanasi la kilo mbili ukilimenya kwa mtindo wa haraka, yaani kulisimamisha na kushusha kisu pande zote hadi macho yote yatoke, nyama inayobaki ni karibu nusu ya uzito ulioununua. Wauzaji wa vipande barabarani wana mtindo mwingine wenye akili zaidi: humenya ganda jembamba, kisha huyafuata macho kwa mistari ya mshazari inayolizunguka nanasi, wakiyatoa kama mfereji mdogo. Kazi huongezeka dakika mbili, nyama inayookoka huonekana kwa macho. Tena kwa juisi hakuna sababu ya kutupa moyo wa nanasi, ile sehemu ngumu ya katikati. Mdomoni hutafunika kwa shida, lakini blenda haijali. Ikatwe vipande vidogo itangulie kusagwa na maji, ndipo nyama laini ifuate.

Tangawizi haihitaji kisu kabisa. Ikwangue kwa kijiko, ngozi itatoka yenyewe bila kubeba nyama. Bitiruti na karoti changa zikisuguliwa kwa brashi na maji safi hazina haja ya kumenywa, na majani ya bitiruti hupikwa kama mchicha. Tikiti nalo lina tabaka jeupe kati ya nyama nyekundu na ngozi ya kijani, tabaka ambalo karibu kila mtu hulitupa. Halina utamu, lakini lina maji mengi na halina uchungu, na kiasi chake kikisagwa pamoja na nyama nyekundu mnywaji hatakitambua. Likikatwa vipande hupikika kwenye mchuzi kama mung'unye. Embe ni la subira: baada ya kukata mashavu mawili, kokwa hubaki na nyama nyingi pembeni. Tia kokwa hizo katika bakuli lenye maji utakayotumia kwenye juisi, zifikiche kwa mikono iliyooshwa vizuri, na maji hayo ndiyo yaingie kwenye blenda. Ganda la embe mimi silisagi, kwa kuwa lina utomvu unaowawasha baadhi ya watu midomo.

Nimefika kwenye chujio, na hapa naomba msomaji anivumilie nikae zaidi, kwa sababu hapa ndipo somo la nazi linaporudi.

Tunapochuja tunatenganisha vitu viwili: maji yenye sukari, asidi na ladha yaliyo huru, na nyuzinyuzi ambazo bado zimeshikilia sehemu ya maji hayohayo. Machicha yaliyoachwa kwenye chujio ni kama sifongo. Kuyabonyeza kwa mgongo wa kijiko hutoa kiasi, lakini mengine hubaki yameshikwa, na kinachoyatoa ni kuyaosha kwa maji mapya. Watu wengi wanalijua hilo, wakajaribu, wakaacha, kwa kuwa juisi yao ilikuwa nyepesi. Kosa lao halikuwa kukamua mara ya pili, lilikuwa hesabu ya maji. Walitia maji yote ya kawaida kwenye msago wa kwanza, kisha wakaongeza mengine ya kuoshea machicha. Kwenye nazi hatufanyi hivyo. Maji hugawanywa tangu mwanzo. Ikiwa jagi lako la pasheni huchukua lita moja na nusu ya maji, saga kwa lita moja, chuja, rudisha machicha na mbegu kwenye blenda, tia ile nusu lita iliyobaki, zungusha kwa sekunde chache, chuja tena, changanya. Maji ni yaleyale, jagi ni lilelile, ila ladha imekolea kiasi kwamba fungu linalofuata unaweza kupunguza pasheni moja au mbili. Akiba yenyewe iko hapo: tunda ambalo hukulazimika kulinunua.

Ukwaju ndio unaoonyesha jambo hili waziwazi zaidi. Loweka ukwaju katika maji ya moto hadi ulainike, ufikiche, uchuje, utapata maji mazito ya kahawia. Mbegu zilizobaki zina nyama iliyonata kama gundi. Zitie maji moto tena, ziache robo saa, zifikiche upya, na utashangaa jinsi maji ya pili yanavyotoka na rangi na uchachu wa kutosha. Mara ya tatu yatatoka yamepauka, na hapo ujue umemaliza. Ubuyu na mabungo ya Unguja na Pemba hufuata kanuni hiyohiyo, maana nyama yake imeganda kwenye mbegu na haitoki kwa haraka. Yote mawili hudai kulowekwa na kufikichwa, si nguvu ya mashine. Mkamuaji wa miwa barabarani naye haupitishi mua mara moja: huukunja, akatia ndimu na tangawizi katikati, akaupitisha tena na tena mpaka unatoka umekauka.

Hata hivyo, si kila tunda linafaidika kwa kukamuliwa hadi mwisho, na ushauri unaosambaa wa kusaga tunda zima na kila kilichomo unahitaji breki. Mbegu za chungwa na utando wake mweupe zina viini vichungu, na katika machungwa mengi uchungu huo haujitokezi papo hapo. Juisi huonja vizuri inapotoka, lakini baada ya saa kadhaa kwenye friji huwa chungu, nayo ikamwagwa. Kwa hiyo chungwa likamuliwe kwa mkono au kwa kikamulio, lisisagwe na mbegu zake, wala ganda lake lisiminywe hadi litoe mafuta. Mbegu za pasheni zisivunjwe. Blenda iwashwe na kuzimwa mara tatu nne kwa mikupuo mifupi, nyama itaachana na mbegu bila juisi kujaa chembe nyeusi. Kusaga kwa muda mrefu huingiza hewa na kufanya mapovu, na mapovu hayo mtu huyaengua kwa kijiko na kuyatupa ilhali ni juisi.

Liko pia swali la kama kuchuja kunahitajika. Embe lisilo na nyuzi, papai, parachichi na tikiti lililotolewa mbegu hazihitaji chujio, na tunapozichuja kwa mazoea tunatupa nyuzinyuzi ambazo mwili unazihitaji kuliko sukari tunayoibakiza. Embe la kienyeji lenye nyuzi nyingi lina haki ya kuchujwa, lakini kwa chujio la matundu makubwa. Katika nyumba nyingi liko chujio moja tu, lile la chai, lenye wavu mwembamba sana, nalo hutumika kwa kila kitu. Kuwa na la pili lenye matundu mapana ni matumizi madogo ya fedha yatakayojilipa katika msimu mmoja wa maembe. Kuhusu mashine za kukamua zinazotoa juisi upande mmoja na machicha upande mwingine, zile zinazozunguka kwa kasi kubwa kwa kawaida huacha machicha yenye unyevu zaidi kuliko zile za taratibu zinazosonga tunda kwa parafujo. Mwenye ya kasi ayapitishe machicha mara ya pili.

Jambo moja zaidi kabla hatujaliacha chujio: sukari itiwe mwisho, baada ya kuchuja. Ikitiwa ndani ya blenda, sehemu yake hubaki kwenye machicha, na machicha yenye sukari hayana matumizi mengi. Yasiyo na sukari yana kazi. Machicha ya tangawizi huingia moja kwa moja kwenye birika la chai, au hukaushwa juani yakatunzwa kwenye kopo. Ya karoti huingia kwenye keki na katlesi. Ya nanasi bichi hulainisha nyama ya mishkaki kama lifanyavyo papai bichi, kwa sababu nanasi lina kimeng'enya kinachovunja protini. Yapakwe kwa nusu saa hivi, kwani yakilala usiku kucha nyama hugeuka uji. Kimeng'enya hichohicho kinaeleza kwa nini juisi ya nanasi iliyochanganywa na maziwa huganda na kuwa chungu ikikaa kidogo. Papai hufanya vivyo hivyo. Mchanganyiko wa namna hiyo unywewe mara unapotengenezwa, au usitengenezwe.

Sasa jagi. Mwezi wa Ramadhani ndio unaonihuzunisha zaidi katika jambo hili, kwa kuwa ni mwezi ambao juisi hutengenezwa kwa njaa. Mchana mtu anasikia kiu ya lita tatu, anasaga lita tatu, na jioni baada ya tende, uji na glasi moja, tumbo limejaa. Jagi linabaki mezani hadi daku, katika joto la nyuzi 30, na asubuhi linamwagwa. Haikumwagwa sukari na maji pekee; yamemwagwa na matunda yaliyochaguliwa, yaliyomenywa kwa uangalifu na kukamuliwa mara mbili. Ndiyo maana nasema kuokoa ganda na kumwaga jagi ni kuhangaika bure. Pima kwa glasi kabla ya kukata tunda la kwanza: watu wangapi, glasi ngapi, za ukubwa gani.

Ukubwa wa glasi nao una hesabu yake. Shirika la Afya Duniani, WHO, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linaihesabu sukari iliyomo ndani ya juisi ya matunda katika kundi moja na sukari tunayotia kwa kijiko, na linashauri isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima anayetumia kalori 2,000, hiyo ni gramu 50, au 25 kwa kiwango cha chini. Glasi ya mililita 250 ya juisi ya machungwa, bila kuongezwa chochote, ina gramu 20 na ushei, na imekula machungwa matatu hadi manne. Glasi ndogo basi hupunguza matunda yanayohitajika, hupunguza sukari, na hupunguza kinachobaki.

Kinachobaki lazima kiwahiwe. Bakteria huzaliana haraka kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, na kanuni inayotumika kwa vyakula vinavyoharibika ni kutoviacha katika joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Juisi ya nyumbani haijachemshwa, kwa hiyo usingoje mpaka chakula kiishe na vyombo vioshwe. Mimina kiasi cha kunywa kwenye jagi la mezani, kingine kiingie kwenye friji tangu mwanzo, ndani ya chupa iliyojazwa hadi karibu na mdomo na kufungwa vizuri, kwa kuwa hewa ndiyo inayofifisha ladha, rangi na vitamini C. Inywewe ndani ya siku moja au mbili. Maji yaliyotumika yawe yamechemshwa au ni salama kwa kunywa, barafu vilevile. Kila kipindupindu kinapoingia katika miji yetu, juisi na matunda yaliyokatwa huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kutiliwa shaka, na nyumbani hatuna kinga yoyote tofauti na ya barabarani isipokuwa usafi wetu.

Juisi iliyojitenga, maji juu na uzito chini, haijaharibika. Chembe nzito zimetuama tu, itikise. Dalili za kuharibika ni harufu ya kuchacha, mapovu yanayopanda yenyewe, na chupa inayotoa pumzi unapoifungua. Kubadilika rangi kwa parachichi au tufaha ni kazi ya hewa ikikutana na vimeng'enya vya tunda, na ndimu kidogo inayotiwa mapema huichelewesha.

Wenye friza wana njia bora zaidi, nayo ni kugandisha tunda kabla halijawa juisi. Nyama ya pasheni pamoja na mbegu zake, vipande vya embe, maji mazito ya ukwaju: vyote hivyo huganda vizuri katika vyombo vidogo au vitrei vya barafu, bila maji na bila sukari, na huchukua nafasi ndogo kuliko juisi iliyokwisha kuongezwa maji. Fungu la pasheni kumi na tano halikutishi tena. Sita za leo, tisa za friza. Acha nafasi kidogo juu ya chombo, maana maji huongezeka ujazo yanapoganda, na chupa ya kioo iliyojaa itapasuka. Umeme ukikatika, friza iliyojaa isiyofunguliwa hushikilia baridi kwa takriban siku mbili, iliyojaa nusu kwa takriban siku moja. Asiye na friji kabisa ana kanuni moja tu, nunua kwa siku na saga kwa glasi. Na kwa kweli nyumba za namna hiyo mara nyingi hutupa juisi kidogo kuliko zetu.

Yamebaki maganda. Ganda la nanasi lililosuguliwa kwa brashi kabla ya kumenywa huchemshwa na tangawizi, mdalasini na karafuu likatoa kinywaji cha moto kizuri, kisha ndipo litupwe. Maganda ya ndimu na malimao yaliyokwisha kukamuliwa hukatwa, yakatiwa chumvi na pilipili na kuwekwa juani kuwa achari. Kuku hula machicha ya embe, papai na tikiti kwa furaha, ya machungwa huyasusa. Lakini maganda na kokwa za parachichi wasipewe kuku, ndege wengine wala mbuzi, kwa kuwa zina sumu inayowadhuru. Hili ni la kuwaambia na watoto wanaotumwa kumwaga mabaki bandani.

Kinachobaki baada ya hapo ni cha udongo. Kikiingia kwenye mfuko wa plastiki na kufika kwenye majalala ya Pugu Kinyamwezi jijini Dar es Salaam au Dandora jijini Nairobi, hufukiwa chini ya taka nyingine mahali pasipo na hewa, na kuoza bila hewa hutoa methani, gesi inayoongeza joto la dunia zaidi ya mara 25 ya kabonidayoksaidi kwa uzito uleule katika kipindi cha miaka 100. Kikiozea nyuma ya nyumba penye hewa ya kutosha, gesi hiyo haitoki kwa kiwango hicho. Mabaki ya juisi yana maji mengi mno, na ndiyo sababu ya harufu na nzi wanaowakatisha watu tamaa katika siku ya nne. Kila ndoo moja ya machicha na maganda ichanganywe na ndoo mbili au tatu za kitu kikavu, majani makavu, maranda ya fundi seremala au boksi lililochanwachanwa, na rundo ligeuzwe kila wiki. Ganda la pasheni na la chungwa likatwe vipande, la sivyo utalikuta zima baada ya mwezi. Aishiye ghorofani anaweza kutumia ndoo yenye mfuniko iliyotobolewa pembeni, ikikaa juu ya sinia. Kwa miezi mitatu hivi rundo huwa jeusi, jepesi, lenye harufu ya shamba baada ya mvua, na kwa kuwa rundo dogo la nyumbani halipati moto wa kuua mbegu, mboji hiyo ukiiweka chini ya ua usishangae kuona miche ya mipasheni na mipapai ikichomoza yenyewe.